Sanduku la bibi lina katuni 143: nihame nalo au niliuze?

BARUA

Shangazi, assalaamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Nina miaka 27 na, inshaallah, mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, naolewa. Mchumba wangu anafanya kazi bandarini Unguja, mtu mpole, hana makeke. Posa imepokewa, mahari yameshatajwa, na mama kila jioni anahesabu vyombo nitakavyohama navyo: masufuria, mapazia, mikeka, hadi mbuzi ya kukunia nazi. Kitu kimoja tu hakimo katika hesabu yake, nacho ndicho kinachoninyima usingizi.

Chini ya kitanda changu pana sanduku la marehemu bibi mzaa mama, lile la mbao lenye misumari ya shaba. Nyumba nzima inajua kuwa lina vitabu vya skuli. Shangazi, lina katuni. Nilizihesabu juzi baada ya Isha, ni 143.

Nilianza nikiwa darasa la tatu. Jamaa zetu walikuja kututembelea kutoka Muscat, na mmoja wa watoto wao akasahau kitabu cha Spider-Man chini ya mto, jalada limechanika. Kiingereza sikukijua. Mwaka mzima nilisoma picha tupu, nikawa namtungia kila mtu maneno ya kusema. Nilipokuja kuyafahamu maneno yenyewe nikaona hadithi yangu na ile iliyoandikwa hazikukutana popote isipokuwa mwisho. Tangu hapo sijaacha. Kiingereza ninachofundishia leo, nusu yake kimetoka humo.

Mwezi uliopita ilifika zamu yangu ya upatu, nikapokea shilingi 600,000. Wiki hiyohiyo nikapelekwa Dar es Salaam kwenye semina ya walimu, siku tatu. Jioni ya kwanza nikashuka Posta, wanakotandaza vitabu vya mitumba chini, nikanunua magazeti 11 membamba ya katuni za Kimarekani, 3,000 kila moja. Jioni ya pili nikaenda kuchukua vitabu nilivyomwagiza binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Nikiwa kwenye boti narudi nikapiga hesabu: 385,000.

Ngoja nikueleze nilichonunua, sitaki udhani nilizitupa fedha.

Yale magazeti membamba ndiyo ninayoyajutia. Pini zimeshika kutu, karatasi zimelika pale pini zilipo, na kila moja linaanzia katikati ya ugomvi na kuishia katikati ya ugomvi mwingine. Aliyekufa katika hili, katika lile yu hai na wala hakuna anayeshangaa. Nimesoma manne. Saba sijayagusa.

Lakini kile cha Hiroshima! Mchoraji wake, Keiji Nakazawa, alikuwa na miaka 6 bomu lilipoangushwa juu ya mji wao tarehe 6 Agosti 1945, na hadithi hii alianza kuichapisha mwaka 1973. Mtoto wa katika hadithi anaitwa Gen. Nimenunua juzuu mbili za mwanzo kati ya kumi, 45,000 kila moja. Karibu juzuu yote ya kwanza ni njaa na kutengwa, kwa sababu baba yao anavikataa vita waziwazi na majirani wanamwita msaliti. Wana shamba la ngano, na baba anawaambia watoto wawe kama ngano, inayokanyagwa wakati wa baridi ikainuka tena. Mpaka ufike kwenye bomu, watu wale umeshawazoea kama wa mtaani kwako. Nyumba inaporomoka. Baba, dada na mdogo wake Gen wamebanwa chini ya mbao, moto unakuja, na Gen anavuta boriti ambayo wanaume watatu wasingeiinua. Siku ileile mama anajifungua. Nilikuwa nasoma kwa tochi ya simu, umeme umekatika, nikamsikia mama anakohoa chumba cha pili. Niliinuka nikaenda mlangoni kwake, nikasimama nikimsikiliza anavyopumua.

Cha pili ni Persepolis cha Marjane Satrapi, mwanamke wa Iran, nyeusi na nyeupe tupu. Kinaanza na wasichana wa skuli mwaka 1980 wameamrishwa kuvaa mtandio, nao wanauchezea uwanjani. Mimi najisitiri kwa ridhaa yangu, na ukurasa ule uliniudhi, nikakifunga kitabu siku mbili. Nikarudi kwa sababu ya bibi yake. Bibi yule kila asubuhi huchuma maua ya asumini akayatia kifuani, na usiku akivua nguo maua yanaanguka. Shangazi, marehemu bibi, mwenye sanduku hili, hakulala hata usiku mmoja bila kikuba cha asumini. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke wa Tehran na mwanamke wa Wete wananukia harufu moja. Bado sikubaliani na kila alichokisema Satrapi, lakini nilimaliza kitabu nikihisi nimekaa jikoni kwao.

Kipo cha Aya, alichoandika Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie. Abidjan ya Ivory Coast, mtaa wa Yopougon, mwaka 1978: wasichana watatu, mmoja anataka kuwa daktari na wenzake wanataka dansi. Hakuna vita wala njaa, ni umbea, mapenzi na baba wenye siri. Mwishoni wamekuwekea hata namna ya kufunga kitambaa kiunoni na namna ya kupika mchuzi wa karanga. Nilicheka peke yangu mpaka nikaziba mdomo kwa khanga.

Na vinne ni vya Kamala Khan, msichana wa Kiislamu wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani. Anapata nguvu za kuurefusha na kuufupisha mwili wake, na anawaficha wazazi. Katika kitabu cha nne anamfunulia mama yake siri, na mama anamwambia alikuwa akijua siku zote.

Sasa shida yangu. Niliporudi mama aliniuliza, "Zamu yako ya upatu haijafika?" Nikamjibu, "Bado, mama." Sijui ulimi ulinitoka vipi. Wiki ile mama akazitoa karafuu kavu alizokuwa ameziweka akiba tangu mavuno, akaziuza, akanunua godoro langu la 280,000. Fedha zilizobaki za upatu nimezificha, maana nikizitoa ataniuliza zimetoka wapi.

Siku chache baadaye naongea na mchumba wangu kwa simu ya picha, akaona kitabu cha Gen mkononi mwangu. Akacheka, akasema, "Kumbe bado unasoma vya watoto?" Nikakiweka chini, nikazungumza mengine. Wifi yangu naye akaniambia nyumba yao si kubwa, hakuna nafasi ya vitu vya kitoto. Na ami yangu, aliyenikuta siku moja nikisoma, alisema picha zinafukuza malaika nyumbani.

Yuko kijana Unguja yuko tayari kulinunua sanduku zima kwa 500,000. Nikiuza, nitamrudishia mama fedha za godoro na nitaingia kwa mume wangu mikono mitupu, hakuna wa kunicheka. Lakini nikifikiria kijana yule analibeba sanduku, kifua kinanibana. Nikuongezee na hili, maana nimekusudia kusema kweli yote: katika hizo 143, sijazisoma 61.

Niuze? Nimwachie mama sanduku bila kumwambia kilichomo? Au nihame nalo nimwambie mume wangu baadaye, tukishazoeana?

Mwalimu wa Wete

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutilie kheri katika jambo lako.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona bibi harusi na sanduku. Mara ya pili niliona godoro. Umeandika maneno mengi kuhusu katuni, na nimeyapenda, nitayarudia, lakini kinachokukaba koo ni karafuu za mama yako. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Ulipokea 600,000, ukatumia 385,000. Zimebaki 215,000, na hizo ziko mahali ndani ya nyumba hiyohiyo aliyotoka mama yako kwenda kuuza karafuu. Godoro ni 280,000. Upungufu ni 65,000. Mwalimu, hilo si deni la kumuuzia mtu sanduku la bibi yako. Hilo ni deni la mshahara wa mwisho wa mwezi. Chukua zile 215,000 leo, usingoje kesho, mkalie mama yako karibu na umwambie: upatu niliupokea, nilikudanganya, hizi hapa, na 65,000 nakupa mwisho wa mwezi. Usianze na maelezo ya vitabu. Anza na fedha na uongo, kwa sababu ndivyo vilivyomgusa yeye. Atakasirika. Mwache akasirike, usimjibu, usilie ili akuonee huruma. Karafuu zile alizianika mwenyewe juani, akazianua kila wingu lilipotanda, akaziweka kwa siku ya dhiki, na wewe ukamfanya aamini kuwa siku ya dhiki imefika.

Kuhusu sanduku, umenisimulia hadithi ya Kamala na mama yake, ukaipita kama mtu anayepita kaburi usiku. Irudie. Sanduku lile lilikuwa la bibi yako mzaa mama, yaani lilikuwa la mama yake mama yako. Yeye ndiye anayefagia chini ya kitanda hicho. Miaka yote hii hujapata kujiuliza kama mwanamke anaweza kukaa na sanduku la mama yake mzazi asilifungue hata siku moja, hata kwa kutaka kunusa tu? Mimi sijui alichokiona. Wewe mfungulie sasa, kwa mkono wako.

Nije kwa mchumba wako. Nimeyatazama maneno yake, "Kumbe bado unasoma vya watoto?", na nimeona swali ndani yake. Aliuliza. Wewe hukumjibu, ukakiweka kitabu chini kama aliyefumaniwa. Mtu ukimwonyesha kuwa unaona haya, naye atadhani pana jambo la kuonea haya. Anachojua kuhusu vitabu hivi ni kwamba vina michoro, na katika nyumba nyingi za kwetu michoro ni ya darasa la kwanza.

Hapo nina ugomvi wangu wa zamani, niruhusu niseme. Nilikulia Malindi ya Unguja, na miaka ya 80 jarida la Sani likija kutoka Dar, kaka yangu alikuwa akilinunua moja tu, na moja hilo lilisomwa barazani na watu kumi mpaka jalada likabanduka. Waliokuwa wakicheka na Ndumilakuwili na Lodi Lofa walikuwa wanaume wenye ndevu, wengine wana wajukuu. Kabla ya hapo watu walifungua gazeti la Uhuru wakamtafuta kwanza Chakubanga wa Christian Gregory. Baadaye akaja Kingo wa James Gayo, ambaye mara nyingi haongei hata neno moja na kila mtu anamfahamu. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Hao wote walichorewa watu wazima, kwa mambo ya watu wazima: bei ya sukari, mke na mume, mkubwa asiyejali. Sisi watu wa pwani tumesoma katuni miaka yote, ila hatukuziita kitabu kwa sababu zilikuja ndani ya gazeti, na gazeti tukafungia samaki.

Na huko nje ndiyo kabisa. Mwaka 1992 Mmarekani Art Spiegelman alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa kitabu cha picha kuhusu baba yake, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi. Wayahudi amewachora panya na Wajerumani paka. Huyo Nakazawa wako alimpoteza baba, dada na mdogo wake siku ile, naye alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Mtu aliyebeba jambo kama hilo, akalichora juzuu kumi, hakuwa akichezea watoto, ingawa watoto walimsoma.

Lakini haya yote usimwambie mchumba wako. Ukimjia na tuzo na tarehe ataona unamshinda kwa hoja, na mwanamume akishindwa kwa hoja kabla ya ndoa hukumbuka baada ya ndoa. Mpelekee kitabu. Kile cha Gen, juzuu ya kwanza. Si cha Satrapi. Hicho kina mambo ya kuzungumzwa mkiwa mmekaa pamoja na kahawa, na wewe mwenyewe kilikuchukua siku mbili kukifungua tena. Mpe Gen kwa mkono wa kaka yako au mtu mwingine wa kwenu anayevuka na boti, na umwandikie mstari mmoja tu: usiku niliosoma hiki niliinuka nikaenda kusikiliza kama mama anapumua. Asome mwenyewe, asikilize mwenyewe. Mtu anayeshinda bandarini akitazama watu wanaagana atakifahamu.

Akishasoma, mwambie mengine mawili: idadi ni 143, na mwezi uliopita ulitumia 385,000. Taja namba hizo kama zilivyo, bila kupunguza. Mshahara wako ni wako, mahari yako ni yako, dini imekupa haki hiyo na hakuna wa kukunyang'anya. Hapa sizungumzii ruhusa. Nazungumzia mazoea. Umeshaona "Bado, mama" ilivyokutoka bila wewe kujua. Ikitoka mara moja kwa mume, ya pili haitakuuliza. Ndiyo maana lile la "nimwambie baadaye, tukishazoeana" silikubali hata kidogo. Baadaye ina watoto, ina kodi ya nyumba, ina mavyaa anayeumwa. Siku utakayolifungua sanduku mbele yake, hatauliza kuna nini ndani, atauliza kwa nini ulilificha.

Akikisoma asikipende? Si lazima apende. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakupata kupenda taarab hata siku moja, na alikuwa akinisindikiza mpaka mlangoni, akirudi kunichukua. Unachokitafuta kwake ni hicho cha kukusindikiza. Akikidharau bila kukisoma, akakurudishia kimefungwa vilevile, niandikie tena kabla ya mfunguo pili, na tutazungumza jambo jingine kabisa.

Wifi yako mwache. Nyumba si kubwa, amesema kweli, na sanduku moja la bibi halizidi sanduku la khanga ambalo bibi harusi yeyote angekuja nalo.

La ami yako ni zito zaidi, na sitalifanya jepesi. Mimi si mwanachuoni. Suala la picha wanachuoni wamelizungumza na kauli zao zinatofautiana. Usiniulize mimi, na usiliulize kijuujuu. Chukua kitabu kimoja au viwili, nenda na mama yako kwa sheikh mnayemwamini hapo Wete, mfungulieni kurasa, aone kilichochorwa na kilichosemwa, kisha mmsikilize. Mpaka hapo, vitabu vikae ndani ya sanduku, kifuniko kimefungwa, visitundikwe ukutani, na ami yako akija usivisome mbele yake. Adabu hiyo unadaiwa hata kama mnahitilafiana.

Sasa kijana wa Unguja na 500,000 zake. Zigawe kwa 143. Haifiki hata 3,500 kwa kitabu, na humo mna Gen uliyemnunua 45,000. Kijana huyo anajua anachokifanya. Muuzie yale magazeti 11 kama atayataka kwa bei yake, kwa kuwa hukuyapenda na hutayapenda. Sanduku usiuze.

Ila kuna namba moja katika barua yako iliyoniudhi kuliko ya godoro, nayo ni 61. Umeandika kama mtu anayetubu dhambi ndogo. Mwanangu, mtoto yule wa darasa la tatu alikuwa na kitabu kimoja, kimechanika, kwa lugha asiyoijua, akakaa nacho mwaka. Wewe leo una 61 hujavigusa na bado ulishuka Posta kutafuta vingine. Kununua kumeshakuwa jambo la peke yake kwako, mbali na kusoma. Mimi nimepitia hivyo kwa vitenge, naijua ile raha ya mfuko kabla haujafunguliwa. Usinunue hata kimoja mpaka hizo 61 ziishe. Toka sasa mpaka mfunguo pili hutazimaliza, na ndivyo ninavyotaka: utaingia kwa mume wako na kitu cha kusoma, si na kitu cha kununua.

Vitabu vyenyewe navyo unavitesa. Chini ya kitanda, juu ya sakafu ya saruji, Pemba, masika! Sakafu inatoa unyevu, mbao zinaunyonya, karatasi zinaunyonya kutoka kwenye mbao. Liinue sanduku juu ya matofali manne au vipande vya mbao, hewa ipite chini. Kaskazi likivuma na siku ni kavu, kifungue kifuniko asubuhi, vitoe, vipange kivulini upepo uvipitie. Usivianike juani, wino utapauka. Zile pini za kutu zing'oe polepole kwa ncha ya kisu, ushone kwa uzi wa pamba katika matundu yaleyale. Nimeshona madaftari ya hesabu ya duka la baba yangu namna hiyo na yapo mpaka leo. Wadudu wafukuze kwa karafuu, kwenu hazikosekani, lakini zifunge kwenye kitambaa kizito na uziweke pembeni, zisiguse karatasi, maana mafuta yake yanaacha doa lisilotoka. Na siku ya kuhama, sanduku lisikae nje kwenye boti na magunia. Likae ndani, miguuni mwa mtu wenu.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zilizotangulia. Ulisema ulisoma picha mwaka mzima ukiwatungia watu maneno. Wewe ni mwalimu. Una darasa la watoto ambao, kama wewe wakati ule, wanaogopa Kiingereza na wengine wanaogopa hata insha ya Kiswahili. Chukua ukurasa mmoja wa Aya, uuchague vizuri, uyafunike maneno kwa vipande vya karatasi nyeupe, uwape wayaandike wao. Kwa Kiswahili kwanza. Utasikia Kipemba kikisemwa na wasichana wa Abidjan. Kisha wafunulie walichosema kweli, wafananishe. Na ukiwa navyo vya Kijapani vinavyosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, visikutie wasiwasi. Mtu mzima wa Ulaya hukosea akaanza nyuma, mtoto wetu aliyetoka chuoni amezoea juzuu, mkono wake utakwenda kulia wenyewe. Zungumza na mwalimu mkuu wako kwanza, mwonyeshe kurasa unazotaka kutumia, asije akasikia kwa wazazi.

Utahama Wete na skuli hiyo utaiacha, au huenda utapangiwa nyingine Unguja. Watoto wa mwaka huu ni hawa ulio nao sasa. Usingoje.

Anza na mama, leo. Kaka akivuka, Gen avuke naye. Na ukimpata mtu wa kumwamini anayekuja Mjini, mpe kile cha Aya aniletee hapa ofisini kwa gazeti. Nataka kuona mchuzi wao wa karanga unatofautiana wapi na wetu. Nitakifunga karatasi na kukirudisha kabla ya harusi.

Shangazi